Maneno Mafupi ya Mwalimu Erasmus

Inspekta Kabula hakuwapenda watu wanaojibu kabla hajamaliza kuuliza, na asubuhi hiyo ya Jumatatu alikuwa amekwisha kukutana na wawili. Wa kwanza alikuwa mkuu wake wa kazi. Alimwambia kwamba jalada la kifo cha Mwalimu Erasmus halina mjadala: mtuhumiwa yuko mahabusu, shahidi yupo, kesho asubuhi liende kwa wakili wa serikali. Wa pili alikuwa Bibi Zabibu, jirani wa marehemu hapo mtaani Gongoni, ambaye alimpokea uani kwake na kanga ameifunga kibwebwe, tayari kutoa ushahidi hata kwa asiyeuhitaji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ni yule binti. Mimi nimeshasema."

"Umesema kwa wenzangu. Sasa nisimulie mimi ya Jumamosi, polepole."

Koplo Sabiri, aliyekuwa nyuma ya Kabula, alitoa kalamu. Bibi Zabibu alingoja mpaka aone imeanza kuandika.

"Baada ya swala ya alasiri nilikuwa hapa hapa napepeta karanga. Nikamsikia Mwalimu anafoka: hapana, nimesema hapana! Kisha kitu kikaanguka, puu. Nikaita, Mwalimu, kuna nini huko? Nikajibiwa, tunacheza tu, bibi! Basi nikaendelea na karanga zangu. Hao wakishika kete zao ni makelele kila siku, watu wazima na akili zao wanagombea herufi."

"Aliyekujibu ni Mwalimu?"

Bibi Zabibu alifungua mdomo, akaufumba. "Alijibu yule kijana anayecheza naye, Deus."

"Na Mwalimu ulimsikia tena?"

"Mwanangu, mtu akisema wanacheza, si wanacheza?"

Bibi aliendelea, sasa bila ile furaha ya mwanzo. Deus alikaa muda mrefu ndani, akatoka, akamuaga vizuri, kwani ana adabu yule kijana. Jua likielekea kuzama akaja huyo binti, Eustadia. Akapiga hodi, akaingia, akatoka haraka haraka bila hata kumsalimu mtu. Na Alhamisi iliyopita mtaa mzima ulimsikia binti huyo huyo akimpigia Mwalimu kelele barazani: utajuta!

"Nikasema nimpelekee Mwalimu karanga," alisema Bibi Zabibu. "Nikamkuta chini, uani kwake, mlango wa jikoni. Mchi wangu mwenyewe niliomwazima uko pembeni yake." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa pindo la kanga. Kabula, aliyekuwa na tabia mbaya ya kuyapima machozi ya mashahidi, aliyaona haya kuwa ya kweli, lakini hakuacha kujiuliza kwa nini bibi alimtilia shaka binti peke yake.

Nyumba ya Mwalimu ilikuwa moja ya zile za kizamani, kuta nene za udongo zilizojengwa wakati misafara ya Ujiji ikipumzika Tabora. Kuta zile hazipitishi sauti. Kelele zilizosikika kwa jirani zilitoka uani, siyo sebuleni. Kabula alimwambia Sabiri aandike hilo, kisha akakata utepe wa polisi mlangoni wakaingia.

Sebule ndiyo iliyokuwa klabu. Mwalimu Erasmus, mstaafu wa Kiingereza, alikuwa amewafundisha vijana wa mjini mchezo wa skrabo, na kwa kuwa kete za dukani zilikuwa ndogo kwa macho yake, fundi seremala alimchongea nyingine za mninga, kubwa, herufi zimechimbwa zikatiwa rangi nyeupe. Ubao ulikuwa mezani kama ulivyokutwa, umejaa maneno yaliyokatana kwa marefu na mapana. Pande mbili za meza kulikuwa na viti. Kimoja kilikuwa na mto uliochakaa na kimelipa dirisha mgongo. Kingine kilikuwa kitupu, cha mgeni.

Kabula alikaa kwenye kiti chenye mto, akainama, akapinda shingo.

"Umekaa upande mbaya, afande," Sabiri alisema. "Huko maneno yako kichwa chini."

"Huu ndio upande wa Mwalimu. Mto wake, na miwani yake ile pale."

"Labda waligeuza."

"Nyie mligeuza mlipokuwa mnapiga picha?"

"Hatukugusa kitu. Naapa."

Kabula alimwamini nusu. Maneno marefu ubaoni aliyajua, ya shule: HOUSE, WATER, GARDEN. Yaliyomsumbua ni madogo, herufi mbili mbili, yaliyopachikwa kwenye kona zenye alama nyingi: ZO, XU, KY, AI. Hakuwahi kukutana nayo kwenye fomu yoyote ya serikali, na fomu alikuwa amezisoma nyingi. Aliyapiga picha kwa simu yake na kuondoka akiwa na kinyongo nayo.

Pale kituoni, kwenye benchi la mapokezi, alikuwa amekaa mama mmoja wa makamo. Alitoka kijijini Lusu kwa basi la jana na tangu hapo hakuwa amekubali hata chai. Huyo alikuwa mama yake Eustadia. Kabula alimsalimu na kupita haraka, kwani hakuwa na la kumwambia.

Eustadia alikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi. Aliletwa chumba cha mahojiano peku, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Aliamkia, akakaa alipoonyeshwa.

"Ulimwambia Mwalimu atajuta," Kabula alianza.

"Nilimwambia atajuta tukishindwa kwenye mashindano ya Kigali, afande. Alikuwa ameniondoa kwenye timu mbele ya watu wote. Nilikuwa na hasira."

"Alikuondoa kwa kosa gani?"

"Niliweka neno OE, nikashindwa kusema maana yake."

Kabula alidhani anataniwa. "Kwa herufi mbili tu?"

"Ni sheria yake. Kwingine kote ukiweka neno, mradi limo kwenye kamusi, basi. Kwa Mwalimu lazima useme maana yake kwa Kiswahili, papo hapo. Ukikosa, unazoa kete zako na zamu imekupita. Alikuwa anasema yeye hafundishi kasuku. Nikabisha, nikamwambia huko Kigali hakuna atakayetuuliza maana. Ndipo akaniondoa."

"Na hiyo OE sasa unaijua?"

"Ni kimbunga cha visiwa vya Faro, huko kaskazini baharini. Usiku ule ule nilikwenda kuitafuta." Alitazama meza. "Jumamosi mchana akanipigia simu. Akasema njoo jioni tuongee. Sikujua la nini. Nilipofika nikapiga hodi, nikaona sebule tupu na ubao umejaa. Nikajua ameniita nije nione Deus, aliyepewa nafasi yangu, anavyocheza. Nikaondoka na hasira zangu. Uani sikufika, afande, haki ya Mungu sikufika."

Simu ile ilikuwa imethibitishwa na kampuni ya simu. Mkuu wa Kabula aliona ni ugomvi uliopangiwa muda. Kabula hakuona hivyo wala vinginevyo. Alitoa simu yenye picha ya ubao na kuiweka mbele ya binti.

"Nisomee haya madogo."

Eustadia aliisogeza karibu, na kwa mara ya kwanza uso wake ulipata uhai. "AI ni mnyama wa Amerika ya Kusini, ananing'inia mtini kutwa kucha, mvivu kupita kiasi. XU ni hela ndogo ya Vietinamu. ZO ni ng'ombe, mama yake ng'ombe wa kawaida, baba yake wale wa manyoya marefu wa milima ya Tibeti. KY ni ng'ombe pia, kwa Kiskoti, ng'ombe wengi."

"Ng'ombe tena?"

"Ndiyo. Kuna na QAT, hiyo ni mirungi, afande. Usinikamate kwa hiyo pia."

Kabula, mtoto wa wafugaji wa Choma kule Igunga, alijikuta amecheka, akakasirika kwa kucheka. Binti mwenye kesi ya mauaji hatakiwi kumchekesha askari.

"Haya ni maneno ya nani, ya Mwalimu au ya Deus?"

"Mwalimu hakupenda kuyatumia. Alisema ni ya walafi wa alama. Deus ndiye anayeyapenda. Amekuja mwaka jana kutoka Dar, na huko wanakariri orodha nzima nzima, maana yake hawajishughulishi nayo."

"Usinilishe maneno, Eustadia. Una kila sababu ya kumsukumia Deus mzigo huu."

"Basi muulize mwenyewe." "Tulipocheza na Mwalimu, ubao ulimtazama yeye kwa sababu ya macho yake. Sisi tulisoma kichwa chini mpaka tukazoea. Hapa kwenye picha, aliyekaa kiti cha mgeni ndiye anayesoma sawasawa. Nalo muulize."

Kabula aliirudisha simu mfukoni. Hilo la ubao hakuwa amemwambia mtu yeyote zaidi ya Sabiri. Hata hivyo lilikuwa neno la mtuhumiwa, na wakili yeyote angesema ubao uligeuzwa na polisi.

Deus aliitwa mchana, nyumbani kwa Mwalimu badala ya kituoni. Alikuja mwenyewe kwa miguu, shati limepigwa pasi, mikono miwili mbele akiamkia. Alikuwa fundi wa kompyuta, mpole wa kuongea, na alitoa pole ya msiba kabla hajaulizwa chochote. Kabula alishukuru kwa upole unaofanana na wake.

"Kaa pale ulipokaa Jumamosi."

Deus alikaa kwenye kiti cha mgeni. Ubao ulimtazama vizuri kabisa. Kabula alibaki amesimama, Sabiri mlangoni na karatasi zake.

"Mimi nimekulia zizini, Kiingereza changu ni cha kituoni," Kabula alisema. "Huu mchezo siuelewi, na wakubwa wanataka nieleze kwenye jalada. Nisaidie. Nani alishinda?"

"Mimi, afande. Kwa mbali."

"Mzee wa watu, macho mabovu. Si alikuachia tu?"

"Mwalimu aniachie?" Deus alicheka, akakumbuka ni nyumba ya msiba, akaacha. "Yule haachii mtu. Unaweka neno, anakudai maana hapo hapo. Huijui, unazoa kete. Kanitoa jasho sana yule mzee."

"Hata Jumamosi? Labda alikuwa anaumwa, au amechoka, akalegeza."

"Wapi! Alikuwa mkali vilevile. Nimemshinda akiwa fiti kabisa, afande."

"Na kufoka kule alikosikia bibi?"

"Tulibishana kuhusu neno moja. Yakaisha freshi, tukaendelea mpaka mwisho. Nikamwacha mzima, amekaa hapo hapo. Kilichoanguka ni kiti tu, nilikigonga nikiinuka."

"Sasa nionyeshe. Yepi yako, yepi yake."

Hapa Deus alichangamka. Alipitisha kidole juu ya ubao, akampa Mwalimu nyumba, maji na bustani, yeye akachukua yote madogo yenye alama nono. Alieleza kwamba kila neno jipya lazima liungane na lililopo, jinsi XU ilivyogusa miraba miwili kwa mpigo, jinsi ZO ilivyofungua upande wa kulia wote. Sabiri aliandika kila kitu. Kabula alimpa Deus karatasi asome, na Deus akasoma, akasahihisha alama za neno moja zilizokuwa zimepunguzwa, akatia saini.

Kabula alivuta kiti cha Mwalimu, akakaa.

"Sasa na mimi nifundishe. Hii AI maana yake nini?"

"Akili bandia, afande. Hiyo siku hizi kila mtu anaijua."

Mlangoni Sabiri alitikisa kichwa kukubali, kwani yeye pia aliijua hivyo.

"KY?"

"KY ni..." Deus alilamba midomo. "Ni aina ya samaki."

"XU?"

"Kipimo. Cha Wachina."

"ZO?"

"Bustani ya wanyama, kwa kifupi." Alijaribu kutabasamu. "Kwani afande haya yanahusu nini?"

Kabula aliinyoosha mikono na kuziokota kete mbili za KY. Aliziweka mbele ya Deus, taratibu, moja kando ya nyingine. "Mimi watu wetu ni wa ng'ombe, Deus. Nimeambiwa KY ni ng'ombe, na nimekwenda kuhakiki kwenye kamusi ya Mwalimu iliyo kwenye rafu ile pale. Hukujua maana. Kwa sheria ya nyumba hii, zoa." Aliokota ZO. "Huyu naye ng'ombe. Zoa. XU ni hela. AI ni mnyama anayening'inia mtini, alikuwepo kabla ya kompyuta zako. Zoa."

Ubao ulibaki na mapengo. GARDEN ilikuwa peke yake upande wa kulia, haikushikana na neno lolote.

"Neno jipya lazima liungane na lililopo, si ndivyo ulivyonieleza? Haya ya Mwalimu yaliegemea yako. Yako yasingekaa mezani hata kidogo mbele ya mtu aliye mkali vilevile. Basi ya kwake aliyaweka juu ya nini?"

"Labda kwa hayo aliniachia."

"Umesaini kwamba haachii mtu. Mwanafunzi wake mpendwa alimfukuza kwenye timu Alhamisi kwa neno la herufi mbili, leo akuachie wewe manne?" Kabula aliinuka. "Njoo ukae kiti changu."

"Afande..."

"Njoo ukae."

Deus alizunguka meza, akakaa kwenye ule mto kwa ncha tu.

"Nisomee yaliyobaki."

Alipinda shingo kushoto, kisha kulia. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Hivyo ndivyo unavyotaka niamini Mwalimu alicheza mchezo mzima, na mtoto wa jicho macho yote mawili," Kabula alisema. "Huu ubao haukuchezwa na watu wawili. Ulipangwa na mmoja, ukamtazama yeye aliyeupanga, na alipanga yale yanayomjia vidoleni upesi. Bibi Zabibu alipoita, kwa nini Mwalimu hakumjibu mwenyewe? Ni jirani yake wa miaka yote."

Deus aliinamisha kichwa. Alikuwa anaitazama kete moja ya mninga mkononi mwake, na Kabula alimwona akitafuta uongo mwingine, akiugusa huu na kuuacha, akiugusa ule na kuuacha.

"Nilishaacha kazi," alisema hatimaye. "Nilishaaga nyumbani. Baba kawaambia watu kanisani kwamba mwanawe anakwenda kuwakilisha nchi. Halafu tunaanza tu mchezo, mzee ananiambia..."

"Nyamaza kwanza." Kabula alimwinulia mkono, ijapokuwa masikio yake yalikuwa yanataka yote. "Deus, nakuonya kwamba hulazimiki kusema lolote. Ukisema, litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani. Una haki ya kumwita wakili au ndugu yako. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Niache niseme." Sauti yake haikuwa tena na adabu wala ukorofi. "Akaniambia nafasi anairudisha kwa Eustadia. Amemwita jioni amwambie. Nikamwomba, akasema hapana, nimesema hapana, huku anakwenda zake uani kunawa. Mchi ulikuwa ukutani. Mara moja tu, afande. Sikujua mtu anaweza kufa upesi vile. Halafu bibi akaita."

"Ukasema mnacheza."

"Nikasema tunacheza. Basi ikabidi pawe na mchezo."

Sabiri aliacha kuandika. Kabula alimwamuru aendelee, na kwa ukali zaidi ya uliohitajika. Walimfunga Deus pingu sebuleni, wakamtoa kwa mlango wa mbele. Bibi Zabibu alikuwa barazani kwake. Safari hii hakusema neno.

Kituoni mkuu alisoma maelezo ya onyo aliyoyatoa Deus mara mbili, akauliza kama ni lazima jalada zima liandikwe upya, akajijibu mwenyewe kwamba ni lazima. Karatasi za kumwachia Eustadia zilichukua muda wake, kama zinavyochukua siku zote. Kabula alikwenda mwenyewe kumfungulia.

Pale mapokezi binti alirudishiwa viatu, rozari na simu. Mama yake alisimama kutoka kwenye benchi, akashika mkono wa Kabula kwa mikono yake yote miwili, akashukuru kwa kilugha, "wabeja, mwanangu, wabeja," akawa hawezi kusema kingine. Eustadia alivaa kiatu kimoja, akasita.

"Afande, ni Deus?"

"Ni Deus."

"Na Mwalimu alikuwa ananiitia nini?"

Kabula angependa swali hilo aulizwe mtu mwingine. Alitazama dirishani, kisha akaona ni uoga, akamtazama binti usoni.

"Alitaka kukurudisha kwenye timu. Alimwambia Deus hivyo. Alisema hapana kwa ajili yako, na hakubadilisha mpaka mwisho."

Eustadia alikuwa hajalia tangu alipokamatwa. Askari wa zamu walikuwa wameliona hilo na hata kuliandika kama ishara mbaya. Sasa alikaa chini, sakafuni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akaita, "Mwalimu! Mwalimu wangu!" kwa sauti iliyowatoa watu maofisini. Mama yake aliinama akamkumbatia, naye akaangua kilio, kile cha wanawake wa Lusu wanapopokea habari ya kifo. Tangu Jumamosi mtaa mzima ulikuwa umeshughulika na nani kaua, na binti mwenyewe alikuwa ameshughulika na kuogopa. Zaidi ya machozi ya Bibi Zabibu, hakuna aliyekuwa amemlilia mzee.

Askari mmoja alitaka kuwaambia watoke nje. Kabula alimzuia kwa mkono, akavua kofia yake.